Mrejesho: ile injini ya methanoli iliyokuwa ikikohoa turbo ikiingia

Wakuu, asalaam aleikum kutoka Malindi. Niliuliza kwa nini gari langu la mashindano, linalotumia methanoli (aina ya alkoholi) badala ya petroli, linavuta vizuri mpaka turbo (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini) ianze kusukuma, halafu linakohoa na plagi zinatoka nyeupe kama chaki, dalili kwamba mafuta hayatoshi. Wengi mlisema pampu ya mafuta ni ndogo. Nilibakia kidogo ninunue nyingine, na pesa zenyewe za kuokoteza.

Kumbe mpira! Ule mwembamba unaotoka kwenye manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) kwenda kwenye regyuleta ya mafuta (kidhibiti cha presha yake), ili iongeze presha turbo ikisukuma, ulikuwa umepasuka chini ya klipu, pasipoonekana. Regyuleta ikashikilia bar 3 zile zile huku turbo ikijaza bar 1 ndani ya manifodi, kwa hiyo nozeli zinazonyunyiza mafuta humo zikabaki na bar 2 tu za kusukumia. Tulipiga hesabu na fundi: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, basi mafuta yanapungua kama asilimia 18. Na methanoli ina njaa. Kilo 1 yake huungua na kilo 6.4 tu za hewa, petroli 14.7, yaani kwa hewa ile ile unamwaga zaidi ya mara mbili.

Tumeweka mpira mpya na geji. Turbo ikifika bar 1, presha ya mafuta inapanda hadi bar 4. Jana shambani kwa ami, upande wa Gongoni, halikukohoa hata mara moja. (Ndoo za maji zilikuwepo, maana moto wa methanoli mchana hauonekani.)

Uliyeniambia niupime mpira kwa pampu ya baiskeli, nina deni lako la halua.