"Makaburi ni makaburi tu": mwongoza watalii amemdhalilisha mama yangu kwa kipaza sauti mbele ya basi zima

Mtoto wa Mwalimu (mleta uzi)

Wakuu, ninaandika usiku huu nikiwa Pangani, mikono bado inanitetemeka kwa hasira, na mtanisamehe nikilirudia jambo moja mara tatu, kwa maana ndilo pekee lililobaki kichwani mwangu. Yule mwongoza watalii mnamjua. Sitamtaja jina na wala hapana haja, kwa sababu yeyote aliyewahi kupanda basi la ziara za mwambao anamfahamu: kofia ya ukindu, filimbi shingoni, na kipaza sauti ambacho hakiachii hata anapotafuna.

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Alifundisha historia katika shule za msingi kwa miaka 34, na katika miaka hiyo yote aliwachorea watoto ubaoni, kwa chaki, makaburi ya nguzo ya Tongoni, yale ya kale yaliyosimamishiwa nguzo za mawe, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona. Nilipoliona tangazo la ziara ya siku tano ya Bagamoyo, Tanga, Pangani na Lushoto, na Tongoni imeandikwa siku ya tatu kwa herufi nzito, nililipa shilingi 520,000 kwa kila mmoja wetu bila kuomba kupunguziwa hata senti.

Leo tulitoka Tanga kuja Pangani. Hatukumaliza hata kilomita 20, kibao cha Tongoni kikatokea upande wa bahari. Mama alikuwa amekwisha kujitanda kanga na kubadili viatu. Basi halikupunguza mwendo, kibao kikapita. Mama akainuka, akashika kiti cha mbele yake, akauliza kwa upole wote: "Mwanangu, hapa si ndipo Tongoni? Hatushuki?" Naye, badala ya kumgeukia na kumjibu kama mtu anavyomjibu mzazi, akainua kipaza sauti na kulijibu basi zima: "Bibi, makaburi ni makaburi tu. Ukishaona ya Kaole, umeyaona yote."

Kwa kipaza sauti, wakuu! Abiria wakacheka. Mama akaketi, akaivua ile kanga, akaikunja polepole, akairudisha mkobani, na hadi ninapoandika hajasema neno.

Mtu asiniambie kwamba muda ulikuwa mfinyu. Asubuhi hiyohiyo alitusimamisha kwa dakika 95 mbele ya duka la vinyago ambako wenyewe walimpokea kwa jina na kumpa soda ya bure, tukakaa pale muda ambao mti ungepandwa, ukakua, ukakatwa, ukachongwa kinyago na kinyago chenyewe kikaliwa na mchwa. Muda wa mchwa ulikuwepo, muda wa Tongoni haukuwepo.

Halafu eti "umeyaona yote". Kaole, yale magofu ya karibu na Bagamoyo, tulifika siku ya kwanza na ninapaheshimu, kwani pana msikiti ambao misingi yake ni ya karne ya 13, ila Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, na hakuna mahali pengine katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki palipokusanya makaburi mengi ya nguzo namna ile. Katika maji ya hapo ndimo Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499, aliichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Mama angewasimulia abiria wote habari hiyo bila kipaza sauti, na wangemsikia mpaka kiti cha nyuma. Badala yake ameambiwa makaburi ni makaburi tu.

Bint Pangani

Pole sana mkuu, na umfikishie mama salamu zangu, shikamoo yake. Huyo bwana tunamjua sana huku. Niliwahi kumsikia kwa masikio yangu pale Bagamoyo akiwaambia wageni kwamba Livingstone alifia katika mnara wa misheni. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kisha Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu, miezi kwa miezi, hadi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Watu wamevuka bara na maiti mabegani, yeye anaifuta safari yao yote kwa sentensi moja! Na je, tangu mfike hapa Pangani amekutajieni hata jina la Abushiri, aliyenyongwa na Wajerumani katika mji huuhuu Desemba 1889?

Mtoto wa Mwalimu

Hajamtaja, Bint Pangani. Alituonyesha kivuko, akatuonyesha mahali pa kununulia vocha, akatutakia usiku mwema kwa kipaza sauti kilekile.

Kiti cha Dirishani

Mleta uzi, mimi nitakuwa tofauti. Mama yako anadhalilishwa mbele ya basi zima, na wewe mtu mzima uliyelipa zaidi ya milioni moja umeketi kimya, halafu usiku unakuja kutulilia sisi? Ungesimama palepale ukamwamuru dereva aegeshe. Tena ukisoma fomu uliyotia sahihi utakuta imeandikwa chini kabisa kwamba ratiba inaweza kubadilika. Kesho asubuhi mpandishe mama daladala ya kurudi njia ya Tanga, mshuke Tongoni, yaishe.

Mtoto wa Mwalimu

Nilisimama, mkuu, na aliponiona nimesimama akapuliza filimbi. Filimbi, ndani ya basi, kwa abiria mwenye tiketi! Ratiba hubadilika mto ukifurika au gurudumu likipasuka, haibadiliki kwa sababu mtu mmoja amechoka kutazama makaburi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linaondoka kwenda Lushoto na mizigo yetu imekwisha kupakiwa, kwa hiyo hiyo daladala unayoitaja nitaipanda saa ngapi? Na hata nikimfikisha Tongoni, nani atayarudisha yale maneno mdomoni mwa aliyeyasema mbele za watu?

Mzee wa Segera

Poleni kwa makaburi, lakini nyinyi mnalalamikia historia, sisi tulinyimwa kuchimba dawa. Kutoka Msata hadi Segera, basi la huyohuyo bwana halikusimama hata mara moja, ingawa mke wangu aliomba mara tano, na mara ya tano aliomba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika miaka 29 ya ndoa yetu. Jibu alilopewa, kwa kipaza sauti, ni kwamba mbele kuna mahali pazuri zaidi. Mbele ikawa Wami, ikawa Mkata, ikawa Kabuku. Tulipofika Segera watu walishuka wakikimbia kama nyuki wamewafumukia, na yeye akasimama mlangoni akihesabu dakika kumi.

Kiti cha Dirishani

Hapo Mzee ninakuunga mkono kwa dhati. Makaburi yamesubiri miaka 600 na yanaweza kusubiri tena, ila kibofu hakisubiri.

Nahodha Mstaafu

Nyote mnasema kwa sababu hamkwenda naye Kilwa. Tangazo lilitaja Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ambayo UNESCO iliyaorodhesha kwa pamoja mwaka 1981, na mimi nilijiandaa kwa mwezi mzima kuuona mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Kisiwani tulipewa dakika 40. Husuni Kubwa, lile jumba la kale la masultani, tuliitazama kutoka mashuani, kwa sababu alisema ngazi zinachosha wazee, ilhali mimi mwenye miaka 68 nilikuwa nimekwisha kuruka majini. Ilipofika zamu ya Songo Mnara, akasema maji yanakupwa, akatuelekeza kwa kidole upande kilipo kisiwa, akasema: "Hesabuni kwamba mmefika." Nimeishi baharini miaka mingi na jedwali la maji ninalisoma kama barua ya nyumbani, na siku ile maji yalikuwa yanajaa!

Mtoto wa Mwalimu

Nahodha, hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. "Hesabuni kwamba mmefika" na "makaburi ni makaburi tu" ni maneno ya kinywa kimoja. Lakini ninakuomba unijibu: je, wewe alikuambia ana kwa ana, au kwa kipaza sauti? Kwa sababu mama aliambiwa kwa kipaza sauti, na watu wakacheka.

Msafiri 77

Mleta uzi, kama kesho mnakwenda Lushoto, jiandae. Kutoka Mombo kupanda juu ni kilomita 33 za kona tupu, na yeye huchagua kipande hicho hasa kufungulia muziki hadi vioo vinatetemeka, dereva hasikii honi ya lori linaloshuka. Irente, mahali ambapo mtu husimama kwenye ukingo wa mwamba na kuuona uwanda wote chini yake, alitufikisha saa moja na nusu usiku. Tulisimama gizani, watu 38, tukitazama giza, naye akitueleza kwa kirefu jinsi mandhari yalivyo mazuri.

Bint Pangani

Na viti vya mbele? Mbona hamzungumzii viti vya mbele? Dada yangu alilipia kiti cha pili kutoka mlangoni kwa sababu ya kichefuchefu, akakikuta kimekaliwa na maboksi ya chungwa la Muheza, na alipouliza akaambiwa maboksi yaliwahi.

Msafiri 77

Maboksi hayo ninayafahamu. Sisi yalikaa viti vinne.

Mtoto wa Mwalimu

Wakuu, machungwa ninayaelewa, yapo hata katika basi letu. Ninachouliza ni kama kuna anayejua mahali pa kupeleka malalamiko kuhusu lugha aliyotumiwa mama yangu, kwa sababu makaburi ni makaburi tu ni maneno mazito kumwambia mwalimu wa historia.

Mzee wa Segera

Nahodha, kabla sijalala, nijibu jambo moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kilomita 300 hivi. Hilo basi lenu lilikuwa na choo?

Nahodha Mstaafu

Choo kilikuwepo, Mzee. Kilikuwa kimefungwa, na ufunguo alikuwa nao yeye.