Kufundisha wafanyakazi wageni Kiingereza cha kiwandani, nianzie wapi?

supavaiza_wa_usiku:
Wadau habari za leo. Niko kiwanda cha plastiki huku Industrial Area, tuko na Wakongo sita, Warundi wawili na Muethiopia mmoja, karatasi zao ziko sawa. Kuongea si shida, Wakongo wana Kiswahili chao cha Bukavu tunaelewana, shida ni mashine haijui Kiswahili. Vitufe Kiingereza, jobu kadi Kiingereza, hata mapipa ya kemikali. Juzi nimemwambia mmoja asome kadi kabla ya kuweka rangi, akaitikia yes boss yes boss, kumbe hajashika kitu, ndoo nyeupe zimetoka bluu, karibu mia mbili zikarudi kwa krasha kusagwa. Sasa ofisi inataka niwafundishe nusu saa kabla ya shifti na mimi si mwalimu. Nimenunua kitabu cha grama River Road, tumefika "I am, you are" na watu wanasinzia.

spana_17:
Weka hicho kitabu kando boss. Mtu ametoka kwa matatu anaenda kusimama masaa kumi na mbili, "I am" itamsaidia nini? Wapeleke kwa mashine yenyewe. Anza na maneno ya kuokoa vidole, STOP, HOT, HIGH VOLTAGE, DO NOT OPEN, mtu aseme neno huku anakuonyesha liko wapi. Matano kwa siku yanatosha, na kesho unaanza na ya jana.

mkongo_kayole:
Mimi ni Mkongo niko Nairobi mwaka wa nne. Kifaransa kinatusaidiaka na kinatudanganya pia. DANGER ni ile ile. Lakini CAUTION kwetu ni depoziti ya nyumba, siku ya kwanza nimeiona kwa mlango wa boila nikajiuliza hapa nani anadaiwa. PULL ni sweta. Halafu INFLAMMABLE, kitu cha kushika moto, sisi tunaijua kuliko nyinyi, kuna Mkenya tulikuwa naye alishikilia ati hiyo "in" ni kama ya incorrect, maana yake haishiki moto, na yuko karibu na pipa la thina na sigara mkononi!! Tulimvuta na shati.
Na hiyo yes boss usiikasirikie. Kibarua akisema hajaelewa anaogopa kesho geti litamfungia. Neno la kwanza wafundishe "sorry boss, show me again", na wakikuambia usikunje uso, ukikunja mara moja tu hawatasema tena.

mathe_wa_payroll:
Hiyo nusu saa inalipwa ama ni ya bure? Uliza mapema. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo na mafunzo ya kumlinda, sio hisani. Na kuna ile levi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, mafunzo yakiidhinishwa kampuni inaweza kudai gharama irudishwe. Waajiri wengi wanalipa tu wakanyamaza.

jirani_wa_geti:
Kwani mkibandika Kiswahili kwa hivyo vitufe mtakufa? Katiba ya 2010 inasema ni lugha rasmi.

supavaiza_wa_usiku:
@jirani tumebandika, lakini fundi wa mashine ni Mhindi, saa nane usiku ikikwama anauliza kwa simu "what is the alarm saying" na lazima mtu asome kilichoandikwa.

spana_17:
Na huyo Muethiopia kama amezoea herufi za Kiamhari mwanzie rangi. Pembetatu ya njano ni chunga, duara jekundu lenye mstari ni usifanye, duara la bluu ni lazima ufanye, kijani ni njia ya kutokea. Maneno yatafuata.

supavaiza_wa_usiku:
Leo tumefanyia kwa mashine namba 3. Yule jamaa wa ndoo amesema "show me again" mara nne, ya nne nilikuwa nimeanza kukunja uso nikakumbuka @mkongo nikageuka nikajifanya naangalia geji. Kuhusu malipo ya nusu saa ofisi imesema itaangalia, mathe we unajua hiyo ni kusema nini.