Uani Njombe, baridi ya Juni mpaka Agosti: nianze na moto, paa au ukuta?

mteremko_njb aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Nyumba iko Njombe mjini, kwenye mteremko. Uani kuna eneo la mita 9 kwa 8, upande wa kusini wa nyumba, na limefunguka kuelekea bondeni mashariki na kusini. Kuanzia Juni hapakaliki, jua likizama tu kila mtu ndani. Nahitaji mahali pa kukaa watu wanane jioni, tuchome viazi na mahindi, soga mpaka saa nne usiku.

Mpango uliopo: kibanda cha bati futi 12 kwa 12, wazi pande zote, katikati shimo la moto la mawe ya mtoni yaliyojengwa kwa saruji. Fedha hazitoshi kufanya vyote kwa mara moja. Kipi kitangulie, na je, mpango wenyewe uko sawa?

---

kusi_na_kaskazi alijibu:

Mkuu, kabla ya moto tazama mambo mawili: jua linapita wapi na upepo unatoka wapi. Juni jua liko kaskazini yetu. Kwa Njombe, nyumba yenye paa la mita 4 hutupa kivuli cha mita 2.5 hivi upande wa kusini hata adhuhuri, na jioni kivuli kinarefuka. Maana yake ukanda wote unaogusa ukuta wako wa nyuma haupati jua mwezi mzima, na ardhi yake inaingia usiku ikiwa tayari baridi. Upepo wa msimu huu nao ni wa kusini-mashariki, kusi lile lile la pwani, ila huku linafika likiwa limepanda milima. Kwa hiyo umechagua upande unaokosa jua na kupokea upepo.

Pazuri kabisa ni kaskazini-magharibi ya nyumba. Ukuta wa tofali unaopigwa na jua la saa nane mpaka saa kumi na moja huendelea kutoa joto baada ya magharibi, na nyumba yenyewe inakukinga na kusi. Ukiweza kuhamia huko, nusu ya gharama imekwisha.

Kama huwezi, fedha ya kwanza iende kwenye kinga ya upepo. Moto wa wazi unakupasha upande mmoja tu, ule unaotazamana nao. Upepo ukikupiga mgongoni, utaongeza kuni mpaka magoti yaungue na mgongo bado unatetemeka.

Usijenge ukuta mzima wa tofali, lakini. Upepo ukigonga ukuta usiopitisha hewa unaruka juu yake na kuanguka nyuma ukizunguka, pale pale mlipokaa. Kinachofaa ni uzio unaopitisha kiasi, karibu nusu kwa nusu. Nguzo za mkaratusi zenye dawa, unene sm 10 hadi 12, urefu mita 2.8, zizame sm 70, umbali mita 2 kati ya nguzo na nguzo. Piga mapapi matatu ya kulala, kisha mabanzi (vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki likipasuliwa mbao) ya kusimama, upana sm 10, ukiacha sm 8 kati yake. Mabanzi ya paini kwenye viwanda vya mbao vya huko kwenu ni rahisi kuliko mbao. Huna mabanzi, neti ya kivuli ya asilimia 50 inafanya kazi ile ile, ila ifungwe kwa waya juu, katikati na chini, la sivyo itapiga makofi usiku kucha.

Uzio wa mita 2 ujenge kusini na mashariki tu. Na kwa kuwa uko mteremkoni: hewa baridi ya usiku huteremka kama maji. Kona ya chini kabisa ya uwanja acha upenyo wa mita moja hewa itoke. Ukiziba huko umejitengenezea bwawa la baridi.

---

tofali_mbili alijibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi niseme juu ya shimo.

Mawe ya mtoni hapana. Yana maji ndani ya vitundu vyake. Yakipata moto maji yanageuka mvuke, jiwe linapasuka na vipande vinaruka kwa nguvu ya kutoboa jicho. Saruji nayo, inapokutana na moto wa moja kwa moja, inapoteza maji yaliyoishika na kubaki unga. Ukiona shimo limeachana viungo baada ya msimu mmoja, chanzo ni hicho.

Tumia tofali za kuchoma zilizoiva vizuri. Ukigonga mbili pamoja zilie kama chuma. Zikitoa sauti ya "pu", ni za pembeni ya tanuru, zirudishe. Kwa tofali ya inchi 9 kwa 4.5 kwa 3, chora duara lenye upana wa ndani sm 70. Laza tofali kichwa kikitazama katikati, zinaingia 19 kwa kila mstari. Mistari minne inakupa kimo cha sm 34 hivi. Mstari wa kwanza acha nafasi nne za tofali mojamoja, zikitazamana, hewa iingie chini ya kuni. Mistari ipishane, ili tofali za juu zipate pa kushika juu ya matundu hayo. Hesabu ni 72, nunua 85. Upande wa nje utabaki na nafasi za pembetatu, hizo jaza vipande.

Udongo wa kujengea: kichuguu kilichopondwa na kuchekechwa, ndoo 1 kwa ndoo 2 za mchanga. Finyanga donge la ukubwa wa yai na likauke kivulini siku mbili. Likipasuka ongeza mchanga. Likimomonyoka kwa kidole ongeza kichuguu. Usiruke hatua hii, vichuguu havifanani.

Chimba sm 25 kabla ya kujenga, jaza kokoto sm 15, na sakafu ya shimo usiisakafie. Ukisakafia, Januari utakuwa na karai la maji. Ikimalizika iache wiki nzima, kisha moto wa vijiti saa moja kwa siku tatu, ndipo uweke kuni za kweli.

Kuni: mwati uliopasuliwa na kukaa juani miezi sita. Paini ina utomvu, masizi na cheche. Mkaratusi mbichi unalipuka. Kuni kavu ina nyufa vichwani na magome yanabanduka kwa mkono.

---

mteremko_njb aliandika:

Shukrani sana wakuu. Kaskazini-magharibi ndiko liliko karo la maji taka, sihami. Uzio wa mabanzi nimeukubali. Lakini bila paa, umande wa Julai si utatulowesha? Na kama kuna upepo mkali, nikizungushia kibanda turubai nikaweka jiko la mkaa ndani badala ya shimo, si joto litakaa zaidi?

---

dohani_nyeusi alijibu:

Ndugu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu linaua. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na haihitaji moshi. Inatoka hata makaa yakiwa yamefunikwa majivu na watu wanadhani yamezima. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anasinzia, na wenzake wanasema amechoka. Turubai likizunguka pande zote ni sawa na chumba. Pande mbili zibaki wazi muda wote. Na jiko lisiingizwe ndani ya nyumba baadaye "limalizie joto". Ndivyo watu wanavyokufa usingizini.

Kuhusu paa uko sahihi, ila paa la futi 12 juu ya moto wa katikati litawaletea moshi machoni. Moshi unapanda, unagonga bati, unapoa, unashuka. Afadhali paa la mgongo mmoja juu ya viti tu, na shimo libaki nje mbele yake. Kina mita 2, urefu mita 4, mgongo ukielekea kusini-mashariki, ndani ya uzio wako, uso kaskazini-magharibi. Mbele mita 2.4, nyuma mita 1.9. Ukingo wa shimo uwe mita 1.2 kutoka ukingo wa paa. Nyuma, chini ya bati, acha mwanya wa sm 20. Watu huuziba wakidhani wanazuia baridi, kumbe hewa ndogo inayopita hapo ndiyo inayosukuma moshi utoke mbele. Ukiuziba, moshi unarudi ndani.

Bati tupu usiku hutoa jasho na kudondosha matone shingoni. Piga chini yake dari ya mbao nyembamba au hata mkeka mnene, nafasi ya sm 5 kati yake na bati.

---

kusi_na_kaskazi alijibu:

Niongeze viti, maana hapo ndipo watu hubana fedha na kukosea. Viti vya plastiki vina matundu mgongoni na vya chuma vinanyonya joto la mwili. Benchi ya mbao, kikalio sm 44 kutoka chini, mgongo wa mbao zilizobanana upande hadi mita 1.1 na ushuke mpaka karibu na sakafu. Upepo unaopita chini ya mapaja ndio unaowafanya watu wainuke mapema bila kujua kwa nini. Ukingo wa benchi uwe sm 80 hivi kutoka ukingo wa shimo. Kwa vipimo vya dohani_nyeusi, itakuwa nje kidogo ya paa, kwa hiyo ifanye iwe ya kusogeza, miguu bila kuchimbiwa.

Sakafu ya zege inavuta joto kutoka nyayoni. Chini ya benchi weka jukwaa la mbao juu ya papi za sm 5, na mkeka juu yake. Mbele, kuzunguka shimo mpaka kwenye ukingo wa benchi, iwe kokoto au tofali za kulaza, cheche zisikute mbao wala mkeka.

Kwa mpangilio wa fedha: uzio, shimo, benchi, kisha paa. Juni na Julai mvua ni chache, umande unaweza kuuvumilia msimu mmoja kwa kofia.

---

tofali_mbili alijibu:

Na mfuniko wa bati nene juu ya shimo, mkuu. Usiku mkiondoka unaufunika, cheche hazitoki na kesho majivu ni makavu. Viazi vya jivuni vinahitaji majivu makavu, dakika 40 hadi 50 kwa kiazi cha ngumi.