Viza ya Ufaransa: dalali anataka kunijazia akaunti, nikubali?

Mama Vitenge
Habari zenu jamani. Mie nauza vitenge hapa Kampala, kwetu Arua, na dada yangu ameolewa Lyon kule Ufaransa, kila siku ananiita niende nimwone, sasa mwaka huu nimesema naenda, mwezi wa kumi na mbili, kama wiki mbili hivi na binti yangu wa miaka mitano. Shida ni akaunti. Hela yangu hailali benki, inaingia kwenye simu, inatoka inanunua mzigo, nyingine iko SACCO, benki ukichungulia unakuta kidogo tu. Kuna dalali ameniambia nimpe milioni moja na nusu ataniwekea milioni ishirini, zikae mpaka nichukue stetimenti alafu anazitoa, na bukingi ya hoteli atatengeneza yeye mwenyewe. Anasema watu wote wanafanya hivyo. Mliowahi kuomba mnasemaje? Na tiketi ninunue kabisa au ningoje?

Wa Ntinda
Dada usimpe hata silingi. Hiyo milioni ishirini ndo itakumaliza. Wanataka stetimenti ya miezi mitatu ya nyuma, na yule anayeisoma haangalii salio la mwisho peke yake, anaanza juu anashuka mstari kwa mstari, laki tatu imeingia, laki mbili na nusu imetoka, laki nne, laki moja, alafu ghafla milioni ishirini kwa mpigo kutoka kwa mtu ambaye hana duka, si mteja, si ndugu. Wewe ungekuwa umekaa dirishani ungeamini?

Muda unao. Anza wiki hii kupitisha mauzo benki, hata kidogo kidogo, yaingie na yatoke kama biashara inavyokwenda. Stetimenti ya simu pia waombe kampuni ya simu wakuprintie, ya SACCO iwe na mhuri, weka leseni ya biashara, usajili wa biashara wa URSB, TIN yaani namba ya mlipakodi, na risiti za kodi za URA, mamlaka ya mapato, na mkataba wa pango la duka. Kiwanja kikiwa kwa jina lako toa kopi ya hati. Alafu andika barua ukurasa mmoja tu, ueleze unanunua wapi, unauza kwa nani, hela inalala wapi, na duka nani atakaa nalo ukiwa safarini. Hicho cha mwisho watu wanakisahau sana na ndo kinaonyesha utarudi. Barua ya LC, yaani ya mwenyekiti wa mtaa, weka ukitaka, haidhuru, ila usiitegemee.

Tiketi ngoja. Chukua bukingi tu ya kwenda na kurudi, kulipa utalipa viza ikishatoka.

Bombo Hatulali
Mie swali langu, hoteli feki ya nini wakati una dada? Mwambie aende mairie, yaani ofisi ya meya wa anakoishi, aombe karatasi inaitwa attestation d'accueil, ya kuthibitisha kwamba atakupokea kwake. Yeye ndo anaomba, si wewe. Ataonyesha nyumba yake, kipato chake na kitambulisho, analipia stempu ya euro 30. Wakimpa akutumie ile ORIJINO, si picha ya simu. Aanze mapema maana huko nako wana foleni zao, na karatasi yenyewe mpaka ifike Kampala ni safari nyingine.

Faida yake kubwa. Ufaransa wana kiwango cha hela ya matumizi kwa siku, ukiwa na bukingi ya hoteli ni euro 65, bila hoteli wala mwenyeji ni euro 120, ukiwa na hiyo karatasi ya mairie inashuka mpaka 32 na nusu. Siku 14 mara 32 na nusu ni euro 455 kwa mtu mmoja. Sasa milioni ishirini za dalali za kazi gani? Mwenye duka la vitenge anashindwa kuonyesha hiyo?

Mengine ni ya kawaida, fomu unajaza kwenye tovuti ya France-Visas, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 inayofanya kazi Schengen yote, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele kuanzia siku utakayotoka huko, na kurasa mbili wazi. Ada yako euro 90 tangu Juni 2024. Binti halipi, chini ya miaka sita ni bure, na alama za vidole hawamchukui. Lakini baba yake aandike barua ya kuruhusu mtoto asafiri, na kopi ya kitambulisho chake, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Jinja Kwetu
Nyie mnampa moyo bure. Binamu yangu alipeleka vyote hivyo, kazi anayo, shamba analo, wakamkatalia eti hawaamini kama atarudi. Na hela ya ada haikurudi. Hao wakiona Uganda wanawaza kyeyo tu, yaani kwamba unaenda kubaki huko kutafuta vibarua. Aende zake Dubai.

Wa Ntinda
Jinja sikatai, wanakataa watu wengi na inauma. Ila kukataliwa kwa shaka na kukataliwa kwa karatasi feki si kitu kimoja. Ya shaka unapewa fomu yenye tiki kwenye sababu, na namna ya kukata rufaa imeandikwa humohumo, au unarekebisha palipotikiwa unaomba tena. Ya kughushi ni doa. Maombi yanakaa kwenye mfumo wao miaka 5 na nchi zote 29 za Schengen wanayaona, kwahiyo usidhani ukibanwa na Ufaransa utakimbilia Italia. Na dalali wakati huo simu yake haipatikani.

Mama Vitenge
Banange, huyo dalali leo kapiga tena, nimemwambia nafikiria 😂 Baba wa mtoto hana neno ataandika. Dada nimeshamwambia, kesho anaenda mairie. Swali la mwisho, kuna rafiki yangu yuko London, naweza kuchukua treni nikamwone hata siku moja nirudi Lyon?

Bombo Hatulali
Hapana, usijaribu. Uingereza haimo Schengen, inataka viza yake na ada yake. Na hata ungekuwa nayo, ukipewa Schengen ya kuingia mara moja ukishatoka ndo umetoka, hurudi tena Lyon. Stika ya viza ikitoka isome hapohapo kabla hujaondoka dirishani. Angalia majina na namba za pasipoti, zako na za mtoto. Penye idadi ya kuingia utaona 01 au MULT. Alafu kuna tarehe za kuanzia na kuishia, na pembeni kuna idadi ya siku, watu wanachanganya hapo. Tarehe zinaweza kuwa pana lakini kama siku ni 14 basi unakaa 14 tu, na siku ya kufika inahesabiwa, ya kuondoka pia inahesabiwa. Ukitua usiku saa tano bado hiyo ni siku moja imeenda. Kwahiyo kwenye fomu ukihesabu wiki zako mbili hesabu hivyo hivyo, na bukingi ya ndege ilingane nayo.

Mama Vitenge
Kumbe! Bukingi niliyoshikiwa inafika tarehe 10 inatoka 24, hiyo si ni 15? Nawapigia sasa hivi wasogeze.