Asili ya «samhryggist», neno la rambirambi la Kiaisilandi

Swali
Wanajukwaa, salamu. Mtu wa Aisilandi anayempa pole mfiwa humwambia «Ég samhryggist þér». Kamusi yangu inasema hryggur ni uti wa mgongo. Je, mgongo umo kweli katika rambirambi hizo, labda kwa maana ya kusaidiana kubeba mzigo? Na samúð, jina la hisia hiyo ya kuwahurumia wengine, limetoka wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, mgongo haumo. Kuna hryggur mbili zilizokutana kwa sauti tu: nomino yenye maana ya mgongo, ambayo ni ndugu ya Rücken la Kijerumani, na kivumishi chenye maana ya «mwenye huzuni», ambacho ni cha ukoo mmoja na Reue, yaani majuto. Undugu huu wa pili hauonekani upesi, kwa sababu katika lugha ya kale ya Skandinavia sauti w iliyokazwa iligeuka kuwa gg. Ndivyo pia treu la Kijerumani, «mwaminifu», linavyolingana na tryggur la Kiaisilandi. Kutokana na kivumishi hicho kikapatikana kitenzi hryggjast, «kuhuzunika», ambacho -st yake ni mabaki ya kiwakilishi cha kujirejea, sik, kilichogandamana na kitenzi, kwanza kikiwa -sk. Sam- ni «pamoja». Kwa hiyo msemaji anasema kwamba anahuzunika pamoja na mfiwa. Kwa furaha hutumika samgleðjast, lililoundwa kwa njia hiyo hiyo.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu samúð. Kipande -úð kilikuwa hugð, kutoka hugur, yaani nia au moyo, na h ikadondoka kilipounganishwa na maneno mengine. Mkia huo umo pia katika mannúð, «utu», varúð, «tahadhari», na andúð, «chuki», ambalo kwangu ndilo linaloeleza zaidi, kwa kuwa and- ni «dhidi ya»: nia iliyo pamoja nawe, na nia iliyo kinyume chako. Kwenye kadi za msiba huandikwa samúðarkveðja, «salamu za pole».

Muulizaji
Nashukuru. Basi naweza kumwambia samhryggist mtu aliyejikwaa?

Jibu la pili
La, atadhani unamtania. Neno hilo ni la msiba, tofauti na pole yetu inayofaa kila mahali. Aliyejikwaa huambiwa «aumingja þú», ambapo aumingi ni mnyonge.