Asasi za kusuluhisha wakulima na wafugaji: kazi yao hasa ni ipi?

Mama Zubeda, Handeni
Habari za humu ndani jamani. Kijijini kwetu sisi wakulima na wenzetu Wamaasai tumekaa vibaya tangu mahindi yaanze kubeba. Ng'ombe waliingia usiku kwa shangazi yangu, wakaacha mabua. Kulipokucha, kijana mchungaji, ambaye hata si wa boma hilo, akapigwa pale lamboni. Sasa imekuja asasi toka Tanga mjini kutupatanisha. Semina, soda, posho, mwenyekiti na laigwanani, yaani kiongozi wa mila wa Wamaasai, wakapigwa picha wameshikana mikono. Shangazi hakuitwa. Kijana hakuitwa. Hii ndiyo suluhu, au ni ripoti ya mfadhili?

Babu wa Pongwe
Pole mwanangu. Baraza lenu la ardhi la kijiji liko hai? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yao ni usuluhishi. Asasi yenye akili huwanoa hao, kisha inakaa pembeni.

Mkereketwa
Nimefanya kazi kwenye asasi hizo. Mradi ukiisha na gari linaondoka, basi. Ila tusizibeze: mtendaji ndiye anayetoza faini ya mifugo, mfugaji atamwaminije awe msuluhishi? Mtu asiye na shamba wala ng'ombe hapo anaweza kuingia boma hili na nyumba ile akasikilizwa. Hilo tu, mengine mbwembwe.

Bi Mwanaisha, Bagamoyo
Someni habari za Wajir, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali zilikuwa zikiuana. Wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni: kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo, na wao wenyewe wakawa wanasimamia. Wazee wakatoa Azimio la Al Fatah, makubaliano ya amani, mwaka 1993. Mashirika yalikuja kuunga mkono kitu ambacho tayari kinatembea.

Mama Zubeda, Handeni
Shikamoo babu. Baraza letu wamebaki wanne, na mwanamke ni mmoja. Hao wa asasi wakirudi nitawaambia hela ya soda waweke mafuta kwenye pikipiki, wazee wafike mabomani. Kesho mnadani naanza na yeyo, yule mama wa Kimaasai anayeniuzia maziwa. Mwanawe ndiye anayewaswaga ng'ombe wale.