Tela dogo la kulala lenye umbo la tone: nipunguze uzito wapi bila kulidhoofisha?

Afisa Ugani, Magu

Ndugu zangu, salaam. Kazi yangu hunizungusha katika vijiji vya Magu na Busega karibu nusu ya kila mwezi, na mara nyingi jioni hunikuta mahali ambapo nyumba ya wageni iliyo karibu ni mwendo wa saa nzima. Nimeamua kujitengenezea tela dogo la kulala, lile lenye umbo la tone la maji, mbele limevimba na nyuma limeteremka, ambalo ndani hutosha godoro la watu wawili tu na jiko hukaa nyuma chini ya mfuniko unaoinuliwa juu. Wamarekani walikuwa wakiyatengeneza majumbani mwao tangu miaka ya 1930, na kipimo chao kilichozoeleka, futi nne kwa nane, ndicho kipimo cha bodi moja ya plaiwudi, ileile tunayouziwa hapa Mwanza.

Gari langu ni RAV4 ya zamani, na sitaki kuliua. Nimeandika mchoro wa kwanza na kujumlisha uzito: chesisi ya angle line (chuma chenye umbo la L) ya milimita 75, unene wa milimita 6, mita 16, inafika kilo 110, kuta mbili na sakafu kwa plaiwudi ya milimita 18 ni kilo 96, paa la milimita 12 ni kilo 32, kabati na ukuta wa kutenga jiko ni kilo 64, bati bapa la milimita moja la kufunika nje ni kilo 82, ekseli, springi na matairi ni kilo 110, mlango, madirisha na godoro ni kilo 35. Jumla ni kilo 529 kabla sijapakia hata ndoo ya maji. Fundi jirani yangu ameridhika kabisa na hesabu hiyo, kwa maelezo kwamba chuma kizito ndicho kinachotulia barabarani, lakini mimi nina shaka, hasa nikikumbuka udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ambapo tela likinasa nitalisukuma mimi na mtoto wa mwenyeji wangu. Je, nipunguze wapi, na nisiguse wapi?

Fundi Chuma, Igoma

Bwana Ugani, fundi jirani yako ameona jambo la kweli ila amelipa sababu isiyo yake. Tela jepesi hurukaruka pale linapofungwa springi za pickup zenye majani saba, kwa kuwa springi hizo zimeundwa kubeba mzigo mara tatu ya huo. Hapo dawa ni kutoa majani, wala si kuongeza chuma juu yake. Toa moja moja na upime: ukisimama juu ya chesisi na kudunda, inapaswa kushuka kidogo na kurudi, isikae kimya kama jiwe.

Angle line iache. Kwa kazi hii paipu ya mraba ya milimita 50 yenye unene wa milimita 2 ina kilo 3 kwa mita na haijipindi ovyo kama angle line, kwa sababu imefungwa pande zote nne. Mahali pa kuongeza unene ni pamoja tu, yaani boriti ya mbele inayokwenda kwenye kifungio cha kuvutia, ambayo ifanye ya milimita 3 na uipitishe chini ya tela mpaka kwenye ekseli, usiichomelee ukingoni mwa fremu na kuiacha hapo, kwa kuwa hapo ndipo panapokatika. Nimepokea matela mawili yaliyovunjika shingo, na yote mawili yalivunjika sentimita chache mbele ya fremu, pembeni mwa mstari wa kuchomelea, mahali ambapo moto ulikuwa umeidhoofisha paipu. Kwa mpango huo chesisi nzima itakuwa na kilo 52 hivi.

Sasa jambo lisilosameheka, nalo ni mahali pa ekseli. Uzito unaokandamiza tufe la kuvutia, lile la chuma lililofungwa nyuma ya gari, uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Chukua mfano wa kilo 350 na umbali wa mita 2.6 kutoka kwenye tufe hadi ekseli: ukitaka asilimia 10 na ushee, kitovu cha uzito kiwe sentimita 28 mbele ya ekseli. Kwa bodi ya futi nane hilo litaiweka ekseli nyuma ya katikati, karibu mita moja na nusu kutoka ukingo wa mbele wa sanduku. Usiichomelee ekseli kabla sanduku halijasimama juu ya fremu. Ifunge kwa bolti za U, pakia vitu vyako, weka mizani ya kujipimia uzito chini ya shingo kwa urefu uleule wa tufe la gari, usome, kisha ndipo uamue.

Tufe lenyewe lina mambo yake. Liko la milimita 50 na liko la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kifungio cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 50 kitafunga vizuri uwanjani na kinaweza kuchomoka kwenye mashimo. Soma kipimo kilichogongwa juu ya chuma, na bado uweke minyororo miwili inayopishana chini ya shingo. Tafuta pia habu zinazopokea ringi za gari lako, ili tairi moja la akiba lifae kotekote.

Kwa nje ningependekeza bati la alumini. Na kabla hujawasha mashine ya kuchomelea, pitia kwa mkaguzi wa magari wa polisi na ofisi ya TRA, kwani tela nalo husajiliwa na kupewa namba yake, na ni nafuu kuambiwa taa zikae wapi wakati bado ni mchoro.

Mjenzi wa Mitumbwi, Kayenze

Mwanangu, chuma sikijui, ila mbao na maji ndiyo maisha yangu. Mchoro wako umejengwa kama kabati la sebuleni. Plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 32 kwa bodi, na ukutani nguvu hiyo yote haina kazi. Tengeneza ukuta kama mkate wenye kitu katikati: plaiwudi ya milimita 3 nje, fremu ya vipande vyembamba vya mbao, foamu ngumu ya milimita 25 kujaza nafasi, kisha plaiwudi ya milimita 3 ndani. Bodi moja ya namna hiyo itakuwa na kilo 17 hivi, ni ngumu kuipinda kuliko ile ya milimita 18, na jua la saa nane mchana halitakuoka.

Hapa sikiliza, maana nililipia somo hili. Rezini inayopatikana kwa urahisi, ile ya kutengenezea faiba, kwa kawaida ni poliesta, na poliesta inaila foamu nyeupe, ile inayofungiwa televisheni mpya. Niliwahi kumimina kopo zima juu ya foamu ya sanduku la samaki nililotengeneza, nikageuka kuchukua brashi, na niliporudi palikuwa na shimo linalotoa mvuke na ute chini yake, mfano wa sukari iliyomwagiwa chai. Gundi ya viatu nayo hufanya hivyohivyo. Rezini ya epoksi haiigusi, ingawa bei yake itakuuma. Kwa hiyo chochote utakachonunua, dondoshea kwanza kwenye kipande cha foamu, ukae nacho nusu saa.

Paa linalopinda lisikutishe. Plaiwudi ya milimita 3 hupinda kirahisi upande mmoja na kupasuka upande mwingine. Nyuzi za tabaka la nje zielekee upana wa tela, si urefu wake, uilowanishe kwa maji ya vuguvugu, kisha uifunge taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma, watu wawili, bila haraka.

Adui mkubwa ni ncha za bodi. Uso wa plaiwudi hunyonya maji polepole, lakini ukingoni nyuzi zimekatwa na zinanyonya kama utambi wa kibatari. Ncha zote, hata zile zitakazofichwa, zipake epoksi mara tatu kabla ya kuunganisha. Kila tundu la skrubu linalotokeza nje litoboe kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, likauke, ndipo utoboe tena katikati kwa kipimo halisi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha mtumbwi wa miaka kumi na mtumbwi wa misimu miwili. Mfuniko wa jiko ndipo litakapovuja kwanza: weka mfereji mdogo pande zote mbili chini ya ukingo wake ili maji yapate njia ya kushuka, badala ya kutegemea mpira peke yake.

Bati, hata la alumini, mimi silitaki. Maji yakiingia kwa tundu moja yatakaa baina ya bati na mbao, nawe hutayaona mpaka kidole kizame. Vaa kitambaa chepesi cha faiba na epoksi, kisha rangi nzuri juu yake, kwa sababu epoksi isiyopakwa rangi huharibiwa na jua.

Fundi Chuma, Igoma

Mzee wangu wa Kayenze, kuhusu bati zito tunakubaliana, lakini alumini ya milimita 0.8 ina kilo 6 na kidogo tu kwa bodi nzima, na ziwani hakuna miiba ya migunga wala kokoto zinazorushwa na matairi. Faiba nyembamba itatobolewa sehemu ya mbele ndani ya mwezi mmoja.

Mama Safari, Nyegezi

Kaka Afisa Ugani, mimi na mume wangu tunalo tela la namna hiyo, na tumelala ndani yake kando ya ziwa mara nyingi kiasi cha kuyajua makosa yetu. Alichosema Fundi kuhusu uzito wa shingo tulikifahamu kwa hofu. Kwa kuwa jiko liko nyuma, tuliona ni busara maji nayo yakae nyuma, madumu mawili ya lita 20. Kwenye mteremko mmoja wa barabara ya Musoma, mwendo ukiwa kama kilomita 80 kwa saa, tela lilianza kupiga mkia, kwanza taratibu kama ng'ombe anayefukuza nzi, kisha kwa nguvu hata gari lenyewe likawa linavutwa huku na huku. Mume wangu alikanyaga breki, likazidi. Alipoachia mafuta na kushika usukani bila kuuzungusha, likatulia lenyewe. Yale madumu yalikuwa sentimita 80 nyuma ya ekseli. Tuliyahamishia kwenye sanduku la mbele, mita 1.2 mbele ya ekseli, na kwa hesabu ya fundi wetu hilo peke yake liliongeza kilo 31 kwenye tufe. Hatujayumba tena.

Kuhusu kulala, watu husahau kwamba sanduku lililozibwa vizuri dhidi ya mvua limezibwa pia dhidi ya pumzi. Asubuhi ya kwanza kuta zilikuwa zinatiririka na godoro limelowa upande wa chini. Weka madirisha mawili yanayofunguka, yakikabiliana, na tundu la juu lenye kofia, yote yakiwa na wavu wa mbu uliofumwa kwa karibu sana, kwa sababu wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hupenya wavu wa kawaida. Godoro nalo likae juu ya vibao vyenye nafasi, si juu ya sakafu tupu. Taa ya ndani tulibadilisha kutoka nyeupe kuwa ya manjano, na wadudu walipungua sana. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa linaelekea kuzima, hata kwa baridi ya namna gani. Watu wamelala na hawakuamka.

Na usiegeshe penye majani yaliyokatwa chini kama yamefyekwa karibu na maji. Hayo yameliwa na kiboko, na usiku atarudi kwa njia yake ileile.

Afisa Ugani, Magu

Shikamoo Mzee wa Kayenze, na ninyi nyote asanteni sana. Nimekesha na kikokotoo. Chesisi kilo 52, sakafu ya milimita 12 kilo 21, kuta za foamu kilo 34, paa kilo 22, kabati za milimita 6 kilo 21, faiba na rangi kilo 10, ekseli na matairi kilo 90 baada ya kutoa majani ya springi, mlango na madirisha kilo 10, godoro kilo 12, betri na nyaya kilo 15. Jumla ni kilo 287. Nikiongeza lita 20 za maji, mtungi mdogo wa gesi, sufuria na vifaa vya kupimia udongo, nafika 350, uzito uleule alioutumia Fundi katika mfano wake. Maji na betri vitakaa mbele.

Katika ubishi wa bati nimeamua kuwasikiliza wote wawili: faiba mwili mzima, na kipande cha alumini mbele tu, kuanzia chini hadi usawa wa goti, kikishikwa na skrubu chache zinazofunguka, ili Mzee aweze kukivua na kuchungulia nyuma yake kila baada ya masika. Ukaguzi nitauuliza Jumatatu. Kipande cha foamu tayari nimekidondoshea rezini niliyouziwa jana kwa jina la epoksi, na kimeyeyuka mbele ya macho yangu, kwa hiyo kesho narudi dukani nikiwa nacho mkononi.